Hoteli huchakaa machoni pa sheria, nyumba ya kupangisha haichakai

Kwa Mhariri,

Kila mwaka, Mswada wa Fedha unapokaribia kufikishwa bungeni mwishoni mwa Aprili, mjadala wa umma huelekea kwenye bei ya mkate, mafuta ya gari na ada za kutuma pesa kwa simu, na ni haki yake kuelekea huko. Suala la ushuru wa nyumba za kupangisha hupita kimya, kwa sababu mwenye nyumba hana wa kumlilia. Mpangaji humwona kuwa mtu anayekuja tarehe 5 kuchukua pesa, na serikali humwona kuwa mtu anayeficha pesa hizo. Siandiki kuomba huruma. Naandika kuomba hesabu ifanywe sawasawa, hasa katika mambo mawili ambayo sheria yetu ya ushuru imeyatenga na nyumba za watu kuishi, yaani riba ya mkopo uliojenga nyumba na uchakavu wa jengo lenyewe.

Kabla sijaendelea, niseme jinsi ninavyotumia maneno, kwa kuwa nimeshuhudia ubishi wa saa nzima barazani uliotokana na neno moja tu. Pesa anazotoa mpangaji sisi huziita kodi, na pesa zinazokwenda serikalini wengine nazo huziita kodi. Katika barua hii kodi ni ya mpangaji na ushuru ni wa serikali. Ninachozungumzia basi ni ushuru juu ya kodi.

Tangu Januari 2016, mkaazi wa Kenya anayepangisha nyumba za kuishi hutozwa ushuru chini ya kifungu cha 6A cha Sheria ya Ushuru wa Mapato. Mwanzo kiwango kilikuwa asilimia 10 ya kodi yote iliyopokewa, kwa wale waliopata kati ya Sh144,000 na Sh10 milioni kwa mwaka. Mwaka 2021 mipaka hiyo ikawa Sh288,000 na Sh15 milioni, na tangu Januari 2024 kiwango kikashuka hadi asilimia 7.5. Ushuru hulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishalipwa mambo yamekwisha. Uzuri wake ni wepesi. Mzee asiyejua kitabu cha hesabu anaweza kuujumlisha kwa kidole, na mwezi ambao vyumba vilikaa vitupu hatozwi kitu. Nakiri kwamba wenye nyumba wengi ambao hawakuwa wakilipa chochote waliingia katika daftari la ushuru kwa mlango huo, na kushuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kulitupa pumzi.

Lakini wepesi huo una bei, na bei yenyewe ni neno "yote". Asilimia 7.5 hukatwa katika kodi yote, kabla ya kuondoa matengenezo, wakala, bima, ada ya ardhi ya kaunti, mshahara wa keateka anayetunza jengo na, kikubwa kuliko vyote, riba ya benki.

Niruhusu nitoe mfano wa nyumba yangu mwenyewe, kwa tarakimu nilizozikaribisha kidogo ili msomaji asichoke. Mwishoni mwa 2018, nikiwa bado kazini katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, nilijenga nyumba ya ghorofa mbili yenye fleti 10 huku Kisauni. Ujenzi ulinigharimu Sh12 milioni mbali na kiwanja. Milioni 4 zilitokana na akiba ya miaka mingi na milioni 8 nilizikopa benki kwa miaka 15. Wakati huo sheria ya kudhibiti riba iliyoanza Septemba 2016 ilikuwa bado na nguvu, hivyo benki haikuweza kupita pointi 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, na mimi nikatozwa asilimia 13. Malipo yakawa Sh101,000 na ushei kila mwezi. Katika mwaka wa kwanza nililipa takriban Sh1,215,000, nikifurahi kwamba deni linapungua, hadi nilipoletewa taarifa ya benki nikaona kwamba katika fedha hizo Sh1,029,000 zilikuwa riba na deni lenyewe lilikuwa limepungua kwa kiasi cha Sh185,000 tu. Anayekopa kwa muda mrefu hulipa riba kwanza na deni baadaye, jambo ambalo afisa wa mikopo alinieleza huku nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Fleti 10 kwa Sh15,000 kila moja, zikijaa mwaka mzima, huleta Sh1.8 milioni. Matengenezo, wakala, bima, ada za kaunti, mlinzi na maji ya eneo la pamoja hula kama Sh350,000. Ukiondoa hizo pamoja na riba, mapato yangu halisi ya mwaka yalikuwa Sh421,000. Kwa kiwango cha asilimia 10 kilichokuwapo, ushuru ulikuwa Sh180,000, ambao ni zaidi ya asilimia 42 ya nilichobaki nacho. Hata kwa kiwango cha leo cha asilimia 7.5 ushuru huo ni Sh135,000, sawa na asilimia 32 ya mapato halisi. Nikumbushe kwamba asilimia 35, kiwango cha juu kabisa cha ushuru wa mapato kwa mtu binafsi, hutozwa mapato yanayopita Sh800,000 kwa mwezi.

Sasa tumtazame jirani yangu, ambaye simtaji jina kwa sababu hana kosa. Yeye alirithi nyumba ya babake, yenye fleti 10 kama yangu, kodi ileile na matumizi yaleyale, lakini hadaiwi na mtu. Mapato yake halisi ni Sh1,450,000. Kama angetozwa kwa viwango vya kawaida vilivyopo tangu Julai 2023, bila mapato mengine, angelipa kama Sh343,600 baada ya punguzo la kibinafsi, yaani kiasi ambacho kila mkaazi husamehewa katika ushuru wake. Chini ya kifungu cha 6A analipa Sh135,000, sawa kabisa na mimi. Kwa hivyo ushuru huu tuuitao rahisi humwondolea zaidi ya Sh208,000 aliyerithi, na humwelemea aliyekopa kujenga nyumba mpya. Sina kinyongo na jirani. Ninachouliza ni kama Bunge lilikusudia hivyo, kwa kuwa nchi inayolalamika kila siku kwamba haina nyumba za kutosha ingetarajiwa kumpendelea anayeongeza nyumba, au angalau kutomwadhibu.

Na riba haisimami mahali pamoja. Sheria ya kudhibiti riba iliondolewa Novemba 2019, na kufikia Februari 2024 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa kimepanda hadi asilimia 13. Mikopo ya watu binafsi ikapanda nyuma yake. Baada ya miaka 5 deni langu lilikuwa limebaki kama Sh6.78 milioni, likitozwa asilimia 17, riba ya mwaka inakaribia Sh1,150,000, ambayo ni kubwa kuliko ile ya mwaka wa kwanza nilipokuwa nadaiwa milioni 8. Kodi haikupanda kwa kasi hiyo, maana mpangaji wangu ni mhudumu wa hoteli ambaye naye mshahara wake haukupanda. Viwango vya Benki Kuu vimeshuka tangu Agosti 2024, lakini kila mwenye mkopo anajua kwamba riba hupanda kwa lifti na hushuka kwa ngazi.

Hapa sharti nimpe Mhariri na wasomaji habari ambayo mimi mwenyewe niliipata kwa kuchelewa. Kifungu hichohicho cha 6A kinamruhusu mwenye nyumba kumwandikia Kamishna ilani kwamba hataki kutozwa kwa utaratibu huo, naye akatozwa kwa sheria ya kawaida, yaani juu ya faida baada ya kuondoa matumizi yanayokubalika. Riba ya mkopo uliojenga au kununua nyumba ya kupangisha ni mojawapo ya matumizi hayo. Sehemu ya malipo inayopunguza deni lenyewe si mojawapo. Kwa mfano wangu wa Sh421,000, mtu asiye na mapato mengine angelipa kama Sh34,900 badala ya Sh135,000. Mwenye mshahara, ambaye punguzo la kibinafsi amekwishalitumia kazini na ambaye shilingi zake za kodi huingia moja kwa moja katika daraja la asilimia 30, angelipa Sh126,300, na hapo tofauti ni ndogo mno kustahili usumbufu. Kila mtu apige hesabu yake kabla ya kuandika ilani, na aipige kwa miaka kadhaa, kwa kuwa deni likipungua faida hukua.

Usumbufu wenyewe si wa kudharau. Tangu Januari 2024 matumizi mengi hayakubaliki bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Ushuru. Wakala wangu anayo. Fundi wa mabomba anayekuja kwa baiskeli kutoka Kongowea, akafungua paipu iliyooza akaweka mpya kwa Sh2,500, hana na hatakuwa nayo leo wala kesho, hivyo hadi mwishoni mwa 2024 malipo yake mbele ya sheria yalikuwa kama sadaka; sasa sheria inanitaka mimi niandike ankara hiyo kwa niaba yake. Mwenye nyumba mkubwa aliyepita Sh15 milioni kwa mwaka, ambaye kifungu cha 6A hakimhusu, hutozwa kwa sheria ya kawaida tangu mwanzo. Huondoa riba yake bila kuandika ilani kwa mtu, na ana mhasibu wa kumkusanyia ankara. Mlango upo kwa wote, ila sisi wadogo tumeachiwa tuutafute gizani.

Hata hivyo, kwa upande wa riba angalau mlango upo. Kwa upande wa uchakavu hakuna.

Uchakavu, kwa wasomaji ambao hawajakutana na neno hili kwa wahasibu, ni namna ya kukubali kwamba jengo huisha. Anayetumia Sh12 milioni kujenga hajapata hasara ya Sh12 milioni mwaka huo, kwa sababu jengo lipo. Lakini baada ya miaka 40 au 50 jengo hilo litakuwa la kubomolewa, na fedha zile zitakuwa zimekwenda kidogo kidogo katika kila mwaka ambao kodi ilipokewa. Haki ni kwamba kila mwaka sehemu ya gharama hiyo iondolewe katika mapato kabla ya ushuru. Kiwanja hakimo katika hesabu hiyo, kwani ardhi haichakai. Jengo ndilo huchakaa, na pwani huchakaa kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu nchini.

Yeyote aliyejenga kati ya Mtwapa na Likoni anajua ninachosema. Kusi likivuma, miezi ile ya Mei hadi Septemba, hupeperusha chumvi ya bahari hadi ndani ya vyumba. Unapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi unakilamba kina munyu. Chumvi hiyo hupenya kwenye zege, hasa zege lililochanganywa na mchanga ambao haukuoshwa au maji ya kisima cha chumvi, ikafika kwenye nondo. Nondo hushika kutu, na chuma kilichoshika kutu huvimba kuliko kilivyokuwa, kikalisukuma zege kutoka ndani. Mwanzo huonekana mstari mwembamba chini ya slabu ya roshani, mfano wa unywele. Msimu unaofuata plasta huinuka kama gamba la kidonda. Kisha kipande cha zege huanguka usiku, na ukitazama juu unaona nondo nyekundu ziko wazi. Nyumba yangu haijafikisha miaka 10 na tayari nimekwishabomoa na kumwaga upya lenta mbili za upande wa mashariki. Bawaba za madirisha nimebadilisha zote. Mabomba ya chuma yanayopitisha maji ya kisima hayafiki miaka 6. Mtu akiniambia jengo la kuishi halichakai, nitamkaribisha Kisauni achukue ngazi apande mwenyewe.

Na sheria yetu inajua fika kwamba majengo huchakaa. Jedwali la Pili la Sheria ya Ushuru wa Mapato, lililoandikwa upya Aprili 2020, linampa mwenye jengo la hoteli haki ya kuondoa asilimia 50 ya gharama ya ujenzi katika mwaka wa kwanza, na masalio kwa asilimia 25 kila mwaka kwa mafungu sawa. Jengo la kiwanda na jengo la hospitali hupata vivyo hivyo. Jengo la biashara, maana yake ofisi, duka, chumba cha maonyesho au ghala, hupewa asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 10. Majengo ya elimu, na humo wametajwa mabweni ya wanafunzi, nayo hupewa asilimia 10. Nyumba ambayo mwalimu wa wanafunzi hao hupanga pamoja na watoto wake haimo. Kabla ya mabadiliko hayo ya 2020 kulikuwa na nafuu kwa nyumba za kupangisha zilizojengwa katika maeneo ya mpango yaliyoidhinishwa na Waziri. Ilikuwa finyu na wachache waliifikia, lakini ilionyesha kwamba Bunge liliwahi kuliona jambo hili.

Tuliweke katika tarakimu zilezile. Kwa kanuni hizo za 2020, Sh12 milioni zangu zingekuwa hoteli, ningeondoa Sh6 milioni mwaka wa kwanza na Sh1.5 milioni kila mwaka kwa miaka 4 iliyofuata. Zingekuwa safu ya maduka, ningeondoa Sh1.2 milioni kwa mwaka. Kwa kuwa ni fleti za watu kulala, naondoa sifuri, hata baada ya kuandika ilani ya kutoka katika kifungu cha 6A na kuweka vitabu kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Chumvi ya kusi ni ileile, nondo ni zilezile, na mara nyingi fundi ni yuleyule.

Juu ya hilo kuna la ushuru wa ongezeko la thamani. Kodi ya nyumba za kuishi haitozwi ushuru huo, jambo ambalo ni jema kwa mpangaji na sipendekezi libadilishwe. Lakini matokeo yake ni kwamba asilimia 16 niliyolipa juu ya saruji, nondo, vigae na rangi haina pa kurudi. Imezama ndani ya zile Sh12 milioni. Mwenye maduka aliyesajiliwa hutoza ushuru huo kwa wapangaji wake na kudai aliolipa dukani. Kwa hiyo nyumba ya kuishi hugharimu zaidi kuijenga kisha hainyimwi kuchakaa ila katika karatasi.

Kuna pia kanuni moja ambayo watu hawaizungumzii, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara yanayoonekana wazi kwa macho. Katika kifungu cha 15 sheria humruhusu mwenye nyumba aliye katika utaratibu wa kawaida kuondoa gharama ya kubadilisha sehemu za jengo pale mabadiliko hayo yanapohitajika ili kodi ibaki ilipo. Haimruhusu kuondoa gharama ya kupanua jengo wala ya kuliweka jingine mahali pake. Ukiunganisha kanuni hii na kukosekana kwa uchakavu, unapata mwenye nyumba ambaye sheria inamlipa kwa kubandika plasta juu ya plasta na haimlipi kitu kwa kubomoa jengo lililokwisha na kujenga jipya lililo salama. Tembeeni Majengo na Tudor mtazame zile roshani zilizotiwa viraka mwaka baada ya mwaka. Sisemi kwamba sheria ya ushuru ndiyo iliyozifanya hivyo peke yake; ubahili wetu una sehemu yake. Lakini sheria haikusaidia.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili kwa namna tofauti. Majirani zetu wa Tanzania, katika sheria yao ya ushuru wa mapato ya 2004, humpa mwenye biashara asilimia 5 kwa mwaka kwa majengo yasiyo ya kilimo, uvuvi wala ufugaji, yaani miaka 20. Hata hivyo, mtu binafsi anayepangisha nje ya biashara huko hukatwa asilimia 10 ya kodi na hesabu ikafungwa, kwa hiyo mwenye nyumba mdogo wa Tanga yuko katika hali kama yangu. Marekani, ambako ndugu zetu kadhaa wa Lamu na Mombasa wamenunua nyumba na kuzipangisha, gharama ya jengo la kuishi hugawanywa kwa miaka 27 na nusu, na jengo la biashara kwa miaka 39. Angalia mpangilio huo: nyumba ya kuishi huruhusiwa kuchakaa upesi kuliko duka. Sisi tumegeuza. Na Wamarekani hawakuwa wajinga, kwa sababu mwenye nyumba akiuza kwa faida, sehemu ya faida iliyotokana na uchakavu aliouondoa hutozwa ushuru wake, hadi asilimia 25. Nafuu ni ya kusogeza ushuru mbele wakati mwenye nyumba anadaiwa, si ya kuufuta.

Kuhusu mikopo yenyewe, naomba nitoke njiani kidogo, kwani Mombasa ina mambo yake. Watu wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanamiliki kile tunachokiita nyumba bila shamba: nyumba ni yako, ardhi ni ya mtu mwingine unayemlipa kitu kidogo kila mwezi, na pengine hujapata kumwona. Nyumba ya namna hiyo haina hatimiliki ya kupelekwa benki, hivyo haiwezi kuwekwa rehani, na mwenyewe hujenga kwa chama, kwa kiinua mgongo, au kwa mkopo wa Sacco unaodhaminiwa na wenzake, ambao katika Sacco nyingi huwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki na hulazimika kulipwa kwa miaka michache. Mwingine hataki riba kwa sababu ya dini, naye huingia ubia na benki ya Kiislamu, benki ikimiliki sehemu ya nyumba na mteja akinunua sehemu hiyo kidogo kidogo huku akilipa pango. Sheria ya Fedha ya 2017 ilifanya vyema kuyatambua malipo ya benki katika mikataba ya namna hiyo sawa na riba, lakini nani aliyewaeleza watu wa Old Town kwamba wakiondoka katika kifungu cha 6A malipo hayo wanaweza kuyaondoa katika mapato? Kampuni ya KMRC, iliyoundwa 2018 ili kuzipa benki na Sacco fedha za mikopo ya nyumba ya muda mrefu, inamlenga anayenunua nyumba ya kuishi mwenyewe. Mtu huyo pia huruhusiwa kuondoa riba katika mapato yake hadi Sh360,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka Sh300,000 mwishoni mwa 2024. Simwonei wivu. Ila wakazi wengi wa miji yetu ni wapangaji, na fedha za kuwajengea nyumba hutoka kwa watu kama mimi, ambao tunakopa kwa riba ya soko, nayo haitambuliwi mpaka tuandike barua.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Afisa wa ushuru atasema kwamba tukiruhusiwa kuondoa matumizi tutaleta risiti za uongo, na ninakubali kwamba wapo watakaoleta. Lakini riba ya benki haina risiti ya mtaani. Imo katika taarifa ya benki iliyosajiliwa, na rehani yenyewe imeandikwa katika ofisi ya ardhi. Uchakavu nao hauhitaji risiti kila mwaka. Gharama ya ujenzi huthibitishwa mara moja kwa cheti cha mkadiriaji majengo na kibali cha kaunti, baada ya hapo ni kugawanya tu. Haya mawili ndiyo matumizi magumu kuyadanganya kuliko yote, lakini uchakavu tumenyimwa kabisa, na riba tumenyimwa mpaka tuandike ilani. Mwingine atasema serikali itapoteza mapato. Itapoteza kiasi fulani katika miaka ya kwanza ya kila jengo jipya, kisha itayapata pale deni litakapokwisha na jengo litakapouzwa, kwani faida ya mauzo tangu Januari 2023 hutozwa asilimia 15. Pingamizi la tatu, kwamba mwenye nyumba atatia nafuu hiyo mfukoni na kodi isishuke, sina jibu lake kamili. Mimi sitapunguza kodi kwa sababu ya sheria moja. Pengine nisingeipandisha mwaka ule riba ilipopanda, na wapangaji wawili wa ghorofa ya juu wasingehama.

Ombi langu kwa Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa ni dogo. Katika Mswada wa Fedha ujao, nyumba za kuishi za kupangisha ziongezwe katika Jedwali la Pili, kwa kiwango cha chini hata kikiwa asilimia 2.5 kwa mwaka, ambacho ni miaka 40 na hakimfanyi mtu tajiri. Kwa nyumba yangu hiyo ni Sh300,000 kila mwaka. Mapato ya Sh421,000 yangeshuka hadi Sh121,000, na mwenye mshahara angelipa Sh36,300 katika mwaka mgumu wa kwanza badala ya Sh126,300. Wanaobaki katika kifungu cha 6A wabaki walivyo, na wepesi wake, isipokuwa yule mwenye mkopo uliosajiliwa aruhusiwe kuondoa riba kwanza ndipo asilimia 7.5 ikatwe katika kilichobaki. Kwangu hiyo ingekuwa kama Sh58,000. Na Mamlaka ya Ushuru iweke katika mfumo wake, kwa Kiswahili, fomu ya ilani ya kutoka katika kifungu hicho, ikiambatana na mfano mmoja wa hesabu wenye mkopo na mmoja usio na mkopo, ili mtu achague akijua.

Bunge hupokea maoni ya umma kwa maandishi kabla ya kuupitisha mswada mwishoni mwa Juni. Mimi nitapeleka yangu, na nitaambatanisha picha mbili za lenta ya mashariki, moja ya 2018 na moja ya mwaka huu. Wenye nyumba wengine wa pwani, na wapangaji pia, naomba mpeleke zenu.

Wako,
Mwenye nyumba,
Kisauni, Mombasa